NENO "KUUNGUA": HAKIKA YAKE NA MAJAZI YAKE

Neno likitumiwa katika maana yake ya asili huitwa hakika. Likitumiwa katika maana nyingine yenye mafungamano na ile ya asili, huitwa majazi, na sharti ipatikane karina, yaani dalili ya kuonyesha kuwa maana ya asili siyo iliyokusudiwa.

Siku moja tulisoma darasani hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemjia Mtume (S.A.W.) msikitini katika Ramadhani akasema "ihtaraqtu," yaani nimeungua. Kijana mmoja akauliza, "Maalim, aliungua kwa moto upi?" Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile ndilo mlango wa somo.

Mtu yule hakuwa na jeraha, na uzima wa mwili wake ndiyo karina. Alikuwa amemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani, akakiita kitendo kwa jina la mwisho wake: maasia hupeleka motoni, naye akalitaja linalongojewa kana kwamba limekwisha kuwa. Namna hii imo katika Kurani, Suratin-Nisaa aya ya 10: walao mali ya mayatima kwa dhuluma wametajwa kuwa wala moto, na hali macho yetu huwaona wakila wali. Ama katika Surat Maryam aya ya 4, mvi za Nabii Zakaria zilizosemwa kuwaka ni majazi ya kufananisha tu. Weupe umeenea kichwani kama mwako uenevyo katika kuni, wala hapana dhambi. Na moyo wa mfiwa uunguao, kama tusemavyo sisi Waswahili, ni katika mlango huo wa pili.

Usidhani haya ni mapambo ya maneno. Ibn Hajar wa Asqalani, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, ametaja kuwa neno lile ni dalili ya kwamba mtu yule alifanya kusudi. Kwani mwenye kusahau hana dhambi, basi ataungua kwa nini? Na katika madhhabi ya Imamu Shafi, aliyesahau kuwa amefunga, saumu yake ni sahihi wala hana kafara. Kafara ni ya mwenye kukusudia: kuacha huru mtumwa, asipopata, kufunga miezi miwili mfululizo, asipoweza, kulisha maskini 60.

Hakika nayo ina hukumu zake. Imepokewa kuwa afaye kwa kuungua ni shahidi, na hapo ni moto wenyewe, si huzuni. Maiti huyo huoshwa na kusaliwa, na ikiwa maji yatauharibu mwili wake, hutayamamishwa. Tazama: asili ya neno ni moja, na mmoja ni shahidi, mwingine ni mwenye kudaiwa kafara.

Kisha akaja mtu na punda aliyebeba chakula. Mtume (S.A.W.) akauliza yuko wapi yule aliyeungua, akimwita kwa neno lile lile alilojiita. Akainuka, akaamrishwa akitoe sadaka. Akasema kuwa wao wenyewe wana njaa; akaruhusiwa wakile. Na kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa kafara haikumwondokea kwa ufakiri wake. Hubaki katika dhima mpaka aiweze.