Shokapu Haibebi Nyanya

Mdogo wangu wa Ilula, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema Hilux yako ikishapakiwa matenga ya nyanya inakaa kitako nyuma, taa zinamulika vilele vya miti, na ukiingia barabara ya vumbi inarukaruka mpaka nyanya za chini zinatoa maji. Fundi kakwambia ununue shokapu "ngumu". Dukani wamekuwekea za bei tatu juu ya kaunta, na sasa unataka dada akuchagulie.

Nitakuchagulia, ila usitoe hela kwanza. Umeniletea magonjwa mawili ukadhani ni mmoja. Gari kukaa kitako ni habari ya springi. Gari kurukaruka ndiyo habari ya shokapu. Mzigo unabebwa na springi, zile bapa za nyuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, na shokapu ipo kwa ajili ya kuzituliza. Gurudumu likipanda jiwe, springi inajikunja, kisha inataka kurudi kwa nguvu, inapitiliza, inashuka tena. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayolazimisha oili ipite kwenye vitundu vyembamba, na ule mruko unageuka joto. Kwa hiyo hata ukifunga shokapu za bei mbaya kuliko zote mjini, matenga yatakaa palepale yalipokuwa yamekaa.

Springi zako zikaguliwe basi: kuna iliyovunjika? Zimelala? Fundi akisema aongeze jani moja, sawa, mwache aongeze. Akisema matatu, mwambie dada kakataa. Springi ikikazwa kupita kiasi, gari tupu litaruka kama mbuzi, na shokapu ya kawaida haitaweza kuuzuia mrudisho wake, itachoka mapema. Na matenga mawili ukiyaacha kwa safari ya pili, hakuna atakayekucheka.

Turudi kwenye shokapu. Mafundi wengi watakanyaga bampa mara mbili tatu na kutoa hukumu. Kwa gari dogo ni sawa, lakini pikapu tupu ina springi ngumu nyuma, hata baba mzima akikanyaga haitaonyesha kitu. Kuna kipimo kingine ninachokipenda. Endesha kwenye barabara mbovu kwa muda wa kutosha, simama mahali salama, zima gari, kisha sogeza mkono karibu na mwili wa kila shokapu ya nyuma. Sogeza tu, usishike kwa pupa, ukiwa mbali na bomba la moshi. Inayofanya kazi ina joto. Ukikuta moja ya moto na mwenzake wa upande wa pili imepoa, iliyopoa imeshakufa, inasindikiza safari. Halafu angalia oili. Unyevu mwembamba chini ya sili si tatizo, lakini ukiona oili imeteremka na vumbi limeshikana nayo kama ugali uliokauka, hiyo haina maisha. Pitisha na kiganja juu ya tairi. Ukisikia mabonde na vilima, shokapu ni mojawapo ya washukiwa.

Ikifa moja unabadilisha mbili, kushoto na kulia. Najua inauma. Lakini upande mmoja ukiwa umetulia na mwingine unacheza, siku ya breki za ghafla gari litakuonyesha.

Hizo za bei tatu nadhani nazijua bila kuziona: ya oili tupu, ya gesi yenye mirija miwili, na ya gesi yenye mrija mmoja mnene. Ya oili tupu ni laini na ya bei nafuu, ila kwenye mashimo mfululizo oili yake inachanganyika na hewa, inatoa povu, na povu halizuii kitu. Ya gesi imewekewa naitrojeni inayoikandamiza oili isitoe povu. Ya mrija mmoja inapoa haraka na ni hodari, lakini jiwe likiubonyeza ule mrija kwa nje, pistoni inaweza kukwama humo humo. Kwa njia zako za shambani mimi ningechukua ile ya katikati, ya gesi yenye mirija miwili.

Hukuniambia Hilux yako ni ipi, na hapo ndipo watu wanapopigwa. Inayovutwa na magurudumu mawili na inayovutwa na manne hazilingani, toleo la Vigo si la Revo, na kama springi zimeongezwa jani gari limenyanyuka, urefu wa shokapu unabadilika. Ikiwa fupi, itavutwa mpaka mwisho kila unapovuka tuta. Nenda dukani na kadi ya gari yenye namba ya chesisi, na ile ya zamani mkononi kama imeshafunguliwa. Ipya isukume ndani kwa kiganja: ya gesi nzima inarudi yenyewe, polepole, bila kusitasita. Tazama ulehemu na stika, maana hata shokapu za chapa ya KYB zina ndugu feki. Za mtumba siziafiki, na zile zinazotobolewa na kujazwa oili upya sizitaki kabisa. Kutoboa chombo chenye gesi iliyoshindiliwa ni hatari kwa anayetoboa, kabla hata hujafika barabarani.

Kufunga za nyuma si kazi ngumu. Jioni ya kuamkia siku ya kufunga pulizia boliti dawa ya kulegeza kutu. Gari likae kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, na chesisi iegemee stendi imara, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki. Ekseli nayo ishikiliwe na jeki ya pili, isije ikaning'inia na kuvuta mpira wa breki. Shokapu mpya ya mirija miwili isimamishe wima, ivute na kuibonyeza mara kadhaa mpaka isikwaruze, hewa itoke sehemu ya kazi. Na ukimwona fundi ameikamata ile fimbo inayong'aa kwa praizi ili nati isizunguke, mzuie hapo hapo. Mkwaruzo mmoja tu utakula sili, na baada ya muda utaona oili inachuruzika kwenye kitu ulichonunua kipya.

Jambo ambalo mafundi wanaliruka ni namna ya kukaza. Boliti zinazopita kwenye bushi za mpira zifungwe kwanza kwa mkono na spana kidogo tu. Shusha gari, likae kwa magurudumu yake, tikisa kidogo, ndipo ukaze mpaka mwisho. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unashikwa ukiwa umepinda kwa mkao wa hewani, na gari likishuka unabaki umesokoteka muda wote. Bushi zitachanika upesi, na wewe utasema shokapu ilikuwa feki. Baada ya siku chache za kazi, rudisha spana uhakikishe hakuna iliyolegea.

Za mbele usiziguse nyumbani. Kwenye Vigo na Revo shokapu imekaa katikati ya koili iliyobanwa kwa nguvu nyingi, na kuifungua kunahitaji kifaa maalumu cha kubana springi. Fundi akikuambia ataifunga koili kwa waya au mnyororo, chukua ufunguo wako uondoke. Zile Hilux za zamani zenye toshenibaa badala ya koili ni afadhali, shokapu inatoka peke yake.

Nitumie picha ya springi za nyuma gari likiwa tupu, na nyingine likiwa na mzigo, zote zipigwe ubavuni. Nikiziona ndipo nitakwambia kama hilo jani moja linahitajika au unapakia tu kama lori.