Mtoto Akizama Bwawani: Kazi ya Dakika za Kwanza



Mara nyingi katika gazeti hili tumezungumza juu ya kuchimba mabwawa, kuyazibua na kuyatunza. Mwezi huu nataka tuseme juu ya jambo jingine linalohusu mabwawa hayo hayo, ingawa si la kilimo. Ni habari ya mtu aliyezama, akatolewa majini, naye hapumui. Nani atamsaidia, na kwa njia gani?

Nitawaeleza kwanza kwa nini naliandika somo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kwenye skimu moja kuandika majina ya wakulima waliotaka mbegu za viazi. Mchana, saa nane hivi, tulisikia mayowe kutoka upande wa bwawa. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amemfuata ndama aliyekwenda kunywa maji, akateleza kwenye tope. Kijana mmoja ajuaye kuogelea alimtoa upesi. Sisi watu wazima tulikuwa kama ishirini pale. Mmoja alimshika mtoto miguu akamning'iniza kichwa chini ili maji yamtoke. Mwingine alimkandamiza tumbo. Wengine walikimbia barabarani kutafuta gari. Gari lilipatikana baada ya karibu nusu saa, na hospitali ilikuwa mbali. Mtoto hakufika akiwa hai.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale ishirini. Nilisomea ualimu miaka miwili, naweza kufundisha hesabu na kuandika barua ya serikali, lakini siku ile nilisimama na kalamu mkononi. Sisemi kwamba mtoto angalipona. Hilo hakuna ajuaye. Nasema kwamba hatukumpa nafasi, kwa kuwa katika watu ishirini hapakuwa na hata mmoja aliyejua la kufanya. Baadaye nilikwenda kujifunza huduma ya kwanza, na hayo niliyofundishwa ndiyo nawaleteeni leo.

KWA NINI TUSINGOJE GARI

Mwili huishi kwa hewa. Mapafu huipokea, na moyo huisukuma pamoja na damu mpaka kwenye ubongo. Mtu akizama, hewa hukatika kwanza, na baada ya muda mfupi moyo nao husimama. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Sasa jiulize, ndugu mkulima: ni gari gani litakalofika kwako kwa dakika 4? Hata pikipiki haiwezi. Kwa hiyo dakika za kwanza si za daktari. Ni za yule aliye karibu, awe mama, jirani, mchungaji wa ng'ombe au kijana wa shule.

Njia tutakayoisoma si ya kale sana. Zamani watu walifundishwa kumlaza aliyezama kifudifudi na kumbonyeza mgongoni. Katika miaka ya 1950 madaktari James Elam na Peter Safar, huko Marekani, walionyesha kwamba pumzi tunayoitoa kinywani bado ina hewa ya kumfaa mwingine. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100, na pumzi tuitoayo ina kama 16. Hiyo yatosha. Kisha mwaka 1960 William Kouwenhoven, aliyekuwa mhandisi wa umeme, pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker, wote wa Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, waliandika kwamba moyo uliosimama waweza kusukumwa kutoka nje, kwa mikono miwili juu ya kifua, bila kumpasua mtu. Mambo hayo mawili, pumzi na kusukuma kifua, ndiyo somo letu zima.

KUMTOA MAJINI

Usiruke majini kama hujui kuogelea. Mara nyingi bwawa huchukua wawili: aliyezama na aliyekwenda kumwokoa. Piga kelele watu waje. Mnyoshee mti mrefu, au mtupie kamba, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko vizuri, maana mtungi huo huelea na mtu aweza kuukumbatia. Akiisha kutolewa, mlaze chali mahali pakavu na pagumu. Usimning'inize kichwa chini, wala usimkande tumbo. Maji mengi aliyoyameza yamo tumboni, na ukiyakamua yatapanda pamoja na chakula na kuingia mapafuni. Tena unapoteza zile dakika zako 4.

HATUA ZA KUFUATA

1. Mguse mabegani na umwite kwa sauti. Kama haitiki, mtume mtu mmoja apige simu 999 au 112 na kutafuta gari. Mtaje kwa jina yule unayemtuma. Ukisema tu, "Mtu aende," hakuna atakayekwenda.

2. Weka mkono mmoja juu ya paji la uso, na vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu. Inamisha kichwa nyuma polepole na kuinua kidevu. Hapo ulimi hauzibi tena njia ya hewa. Kama ni mtoto mchanga, usikiinamishe nyuma sana. Kiweke sawa tu.

3. Tazama kifua, sikiliza kwa sikio, na usikie pumzi shavuni mwako. Usipitishe nukta 10. Mtu anayevuta hewa kwa kukwama-kwama, mara moja baada ya kitambo, kama samaki aliyetolewa majini, huyo hapumui. Wengi wamedanganyika hapo wakasema, "Yu hai, tumwache apumzike."

4. Kama hapumui, bana pua yake, funika kinywa chake kwa kinywa chako pasipo kuacha nafasi, na upulize kwa muda wa nukta 1, kiasi cha kuona kifua kinainuka. Kwa mtoto mchanga, kinywa chako kifunike kinywa na pua pamoja. Kwa aliyezama anza na pumzi 5. Walimu wengine hufundisha 2. Fuata ulivyofundishwa, lakini usikose kutoa pumzi.

5. Sasa sukuma kifua. Weka sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono katikati ya kifua, juu ya mfupa, nusu yake ya chini. Mkono wa pili uweke juu ya wa kwanza. Nyosha mikono, usikunje viwiko, ukandamize kwa uzito wa mwili wako. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, yaani kama upana wa vidole vitatu. Kwa mtoto kishuke theluthi moja ya unene wake, na kama ni mdogo mkono mmoja watosha. Kila mara kiache kifua kirudi juu kabisa kabla ya kusukuma tena.

6. Sukuma mara 30, kisha toa pumzi 2. Rudia hivyo hivyo, 30 na 2, bila kusimama. Kila baada ya dakika 2 mwenzako akupokee, kwa kuwa aliyechoka husukuma kidogo asijijue.

7. Akitapika, mgeuze upande, msafishe kinywa, kisha mrudishe chali na kuendelea.

8. Kama u peke yako na huna simu, fanya kazi hii kwa dakika 1 kwanza, ndipo ukimbie kuita watu.

Usiache mpaka apumue mwenyewe, au mhudumu wa afya afike kukupokea, au nguvu zikuishie kabisa. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi, na apelekwe hospitali hata kama anazungumza na kucheka. Maji yaliyoingia mapafuni yaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

JINSI YA KUHESABU

Kifua husukumwa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hapa nina shauri la mtu aliyefundisha hesabu. Ukihesabu mpaka thelathini kwa Kiswahili, utakwenda vizuri mpaka kumi, kisha ulimi utachelewa kwa "kumi na moja", "ishirini na saba", na mikono itachelewa pamoja nao. Kwa hiyo hesabu moja mpaka kumi, mara tatu. Kila kumi ichukue nukta 5 au 6. Jaribu nyumbani huku ukitazama saa, mpaka mwendo huo ukuingie.

MASWALI YALIYOULIZWA DARASANI

Tulipokuwa tukifundishwa, mzee mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, na nikimvunja mbavu?" Mwalimu akamjibu, "Mzee wangu, ubavu waweza kuvunjika, hasa kwa mtu mwenye umri. Ubavu huungwa. Moyo uliosimama usiposukumwa, hakuna wa kuuunga. Endelea kusukuma." Huyo asiyepumua amekwisha kufika penye mauti, mikono yako haiwezi kumpeleka mbali zaidi.

Mama mmoja naye aliuliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo tukaona haya kulisema: "Je, jirani mwanamume aweza kunishika kifuani mbele ya watu?" Darasa likanyamaza. Mzee yule yule ndiye aliyemjibu: "Mama, siku hiyo yeye si mwanamume, na wewe si mwanamke. Yeye ni mikono, na wewe ni roho inayotaka kutoka." Sina la kuongeza, ila kusema kwamba yafaa neno hili lizungumzwe sasa katika mikutano yetu, siku za salama, lisije likazungumzwa mara ya kwanza kando ya bwawa.

ASIYEZAMA, NA ALIYEPATWA NA SUMU

Si kila asiyepumua amezama. Mtu mzima akianguka ghafula shambani, haitiki wala hapumui, yaelekea moyo ndio uliosimama. Huyo usianze na pumzi. Piga simu mara moja, kisha sukuma kifua. Kama hukufundishwa kutoa pumzi, sukuma tu bila kuacha. Hilo peke yake ni msaada mkubwa.

Lakini jihadhari na aliyepatwa na dawa za kunyunyizia mimea. Usiweke kinywa chako kwenye kinywa chake, maana sumu iliyokuangushia jirani itakuangusha na wewe. Vaa mipira ya mikono kama ipo, mvue nguo zenye dawa, osha ngozi yake kwa maji mengi, na kama hapumui anza kusukuma kifua kwanza, wenzako wakifanya hayo mengine. Chupa au karatasi ya ile dawa ipelekwe hospitali pamoja naye ili daktari aijue sumu.

LA KUFANYA MWEZI HUU

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Shirika hilo lashauri watu wa kawaida wafundishwe kuokoa na kurudisha pumzi, na maji yazungushiwe ua. Basi kamati za skimu na zifanye mambo matatu. Kwanza, kila bwawa liwe na ua wa miti au miiba, na birika la mifugo liwe nje ya ua, ili mtoto asiwe na sababu ya kufika majini. Pili, pawe na mti mrefu na kamba vilivyotundikwa pale pale, na visichukuliwe kwenda kufungia ng'ombe. Tatu, mwalikeni mwalimu wa huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, hufundisha kazi hii, na St John Ambulance pia. Ulizeni katika kituo chenu cha afya jinsi ya kuwapata.

Gazeti hufundisha macho tu, na kazi hii ni ya mikono. Walimu hutumia sanamu ya mtu. Mkiwa mnangoja mwalimu, jifunzeni mwendo juu ya gunia dogo lililojazwa vizuri. Msijaribu kamwe kusukuma kifua cha mtu mzima wa afya, kwa kuwa mtamdhuru.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini hatumning'inizi aliyezama kichwa chini?
2. Mtu anavuta hewa mara moja baada ya kitambo, kwa kukwama. Je, anapumua?
3. Husukuma mara ngapi kabla ya kutoa pumzi 2, nawe utahesabu namna gani?
4. Ni mtu gani asiyetakiwa kupewa pumzi kwa kinywa?
5. Kutoka bwawa la skimu yenu mpaka hospitali ni dakika ngapi kwa gari? Na ni nani kati yenu, leo hii, awezaye kuzitumia dakika hizo?

Swali la tano halina jibu katika gazeti hili. Lijibuni ninyi wenyewe katika mkutano wenu ujao.