Land Rover kuukuu ikikosa nguvu mlimani, kagua cheche kabla ya kununua kabureta

Wakazi wengi wanaosafiri kati ya Maralal na Baragoi wanaijua hali hii. Land Rover imebeba abiria, magunia ya unga na pengine mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Ikifika mlimani inaanza kukohoa, dereva anashuka hadi gia ya kwanza, maji yanachemka, na wenye nguvu wanaombwa washuke wasukume. Wiki inayofuata mwenye gari anauza mbuzi ili anunue kabureta. Kabureta inafungwa, na mlima bado ni ule ule.

Mara nyingi kosa liko kwenye taiming, yaani wakati ambapo plagi inatoa cheche. Magari mengi ya Series III, yaliyoundwa kati ya 1971 na 1985, na mengi ya Series II yaliyotangulia, yana injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo. Silinda hizo hupigwa cheche kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Cheche inatakiwa kutokea muda mfupi tu kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili moto ukolee wakati pistoni inaanza kusukumwa chini.

Cheche ikichelewa, gari huwa zito, injini hupata joto kupita kiasi na eksozi inaweza kulipua. Ikiwahi, husikika mlio kama wa vyuma vinavyogongana gari linapopanda na mzigo, na mwenye kuwasha kwa hendeli anaweza kurudishiwa mkono kwa kishindo. Mlio huo usipuuzwe, kwa sababu unaweza kutoboa pistoni.

Taiming haiharibiki kwa siku moja. Ndani ya distribyuta kuna pointi zinazofunguliwa na kishikizo kidogo cha plastiki. Kishikizo kikiisha, nafasi ya pointi hupungua, nazo huchelewa kufunguka. Hivyo nguvu hupotea kidogo kidogo, na dereva anazoea bila kujua. Ndiyo maana pointi hurekebishwa kwanza, taiming baadaye. Nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40, na ipimwe kwa kipimo, si kwa jicho. Pointi zilizoungua sana huashiria kondensa iliyochoka.

Kazi ya kuweka taiming yenyewe haihitaji mashine ya mjini. Taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili inatosha. Fundi huizungusha injini kwa hendeli mpaka silinda ya kwanza iwe katika mkandamizo, vali zake zote mbili zikiwa zimefungwa, na alama ya puli iwe mbele ya kielekezi kwenye nyuzi zilizoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Rota nayo lazima iangalie waya wa plagi ya kwanza. Waya mmoja wa taa hufungwa mahali waya mwembamba wa koili unapoingia kwenye distribyuta, na wa pili kwenye bodi ya injini. Swichi ikiwa imewashwa, boliti ya distribyuta inalegezwa, kisha distribyuta inazungushwa kinyume cha saa, upande ambao rota hugeukia, mpaka taa izime. Halafu inarudishwa polepole upande wa saa. Pale taa inapowaka ndipo pointi zinapofunguka, na hapo ndipo pa kukaza boliti.

Kabla ya kufunika, rota igeuzwe kwa vidole kuelekea upande inakozungukia kisha iachiliwe. Isiporudi yenyewe, vyuma vya ndani vinavyowahisha cheche mwendo ukiongezeka vimekwama kwa kutu au vumbi, na gari halitakuwa na nguvu hata taiming ikiwa sawa. Bomba jembamba linalotoka kwenye kabureta nalo linyonywe kwa mdomo upande wa distribyuta. Likipitisha hewa ovyo, kiwambo chake kimepasuka.

Jambo moja linawachanganya hata mafundi wazuri. Maralal iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na kosa lolote hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Hewa hiyo hiyo huifanya injini ivumilie cheche inayowahi. Fundi akiiwahisha hapo mpaka gari lichangamke, dereva ataanza kusikia mlio akiteremka kuelekea Archers Post, ambako hewa ni nzito zaidi.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mlio huo huo. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji. Mlio ukianza ghafla baada ya kujaza tangi, distribyuta isiguswe kwanza.

Chujio la hewa lenye mafuta hujaa vumbi haraka katika barabara hizi, na breki zinazoshika hufanana kabisa na injini dhaifu, kwa hiyo magurudumu yaguswe baada ya safari kuona lipi lina joto zaidi.

Jaribio la mwisho ni mlimani, gia ya tatu, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mafuta yakikanyagwa hadi chini. Mlio mdogo unaosikika na kupotea unakubalika. Ukiendelea, distribyuta irudishwe kidogo sana kinyume cha saa, na mlima upandwe tena.