Dondoo muhimu: Kutunza mitumbwi ya sambaza, Bukavu

Mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya wavu usiku usio na mbalamwezi: hivyo ndivyo samaki wadogo waitwao sambaza wanavyovuliwa Ziwa Kivu. Ukitaka chombo hiki kidumu, usikikimbize makumbusho. Kiache kazini, maana fundi hurithisha ujuzi zaidi anapotengeneza kuliko anaposimulia. Mpige video akifunga ile miti, mlipe, kisha mtafutie mwanagenzi. Wako wanaosema huu si urithi, kwani sambaza wenyewe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini ujuzi unaopokezanwa ni urithi hata ukiwa mchanga. Hoja nzito dhidi ya kukiacha chombo kazini ni ya usalama: ubao uliooza ubadilishwe bila kuuonea huruma, na jaketi za kujiokolea zivaliwe.