Kurua ya motere ikikatika: tupime kwanza, tulipe nyuma



Kooperative moja tunayosindikiza ilikuwa inabeba viazi kutoka Lubero kwenda Butembo. Njiani gari ikazimika ghafla: kurua ya distribisyo, ule mkanda wa mpira wenye meno, ilikatika. Mekanisiye akaweka kurua mpya, lakini motere ikakataa kuwaka. Akasema: «Motere imekufa, mununue ingine.» Pesa ya mbegu ilikuwa karibu kutoka kwenye sanduku. Mwenye kutunza pesa akamwomba apime kwanza.

Kurua inafanya supapu zifunguke na zifunge kwa wakati wake, pistoni zikipanda na kushuka. Ikikatika, supapu zingine zinabaki wazi, pistoni inazigonga, zinapindika. Supapu iliyopindika haifungi vizuri, hewa inatoroka: ndiyo kupoteza kompresyo. Na motere ya mazutu inawaka juu ya joto la hewa iliyobanwa. Bila kompresyo, haiwaki.

Mufuate hivi:

1. Kurua ikikatika, musirudilie demareri. Munaweza kuongeza hasara.

2. Kurua mpya ikiwekwa na alama zikilingana, muzungushe motere kwa ufunguo, kwa mkono, mara mbili kamili. Ikigoma, musilazimishe.

3. Mupime kompresyo ya kila silinda kwa manometre ya mazutu. Ile ya esanse haiwezi nguvu hiyo. Silinda zote zikishuka sawasawa, murudilie kuangalia alama: pengine kurua imeruka jino. Silinda moja ao mbili zikiwa karibu na zero, mushuku supapu.

4. Mupandishe pistoni ya ile silinda hadi juu, supapu zake zote zikiwa zimefungwa, kisha muingize hewa ya kompresere. Musikilize inatokea wapi:
– kwenye eshapema: supapu ya kutoa moshi;
– kwenye filtre ya hewa: supapu ya kuingiza;
– penye munamimina mafuta ya motere: segma ao pistoni;
– mapovu kwenye radiatere: juwen ya kilasi.

Kwa ile gari, silinda mbili zilitoa hewa kwenye eshapema. Wakafungua kilasi, wakabadilisha supapu zilizopindika, wakakagua pistoni. Motere ikawaka. Mbegu zikanunuliwa.

Kwa hiyo, kabla ya komite kutia sahihi ya kununua motere, iombe vipimo vya kila silinda kwenye karatasi. Na kwenye kaye ya gari muandike kilometa za siku kurua iliwekwa, muibadilishe kama kitabu cha gari kinavyosema. Kurua ni bei ndogo kuliko kilasi.