Vipande 3 vya netherite sandukuni: akiba au mtaji uliolala?

Somo la leo linatoka kwenye gemu. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Kwenye Minecraft kuna mali adimu inaitwa netherite. Unaichimba kule Nether, kwenye moto, na bila sururu ya almasi huipati. Vipande 4 pamoja na miche 4 ya dhahabu vinakupa mche 1 wa netherite, na mche 1 unaboresha kifaa kimoja tu. Suti nzima ya vita (kofia, deraya, suruali na buti) inakula vipande 16 na dhahabu 16.

Sasa mchezaji kamaliza suti yake, kabakiwa na vipande 3. Wengi wanavifungia sandukuni: "Vitakuja kufaa." Kabla hujafanya hivyo, jiulize haya:

1. Kukamilisha kutanigharimu nini?
Usiseme "kimebaki kimoja tu". Piga hesabu yote. Tangu maboresho ya 2023, kila kifaa unachoboresha kinakula na kigezo chake, na kunakili kigezo ni almasi 7. Kwa hiyo unadaiwa kipande 1, dhahabu 4, almasi 7, na kifaa chenyewe cha almasi.

2. Nikiunganisha, naweza kurudi nyuma?
Hapana. Mche wa netherite haurudi kuwa vipande. Usiunganishe kabla hujajua unaboresha nini.

3. Nani anakihitaji leo?
Unaocheza nao, pengine kuna aliyekwama na kipande 1. Kwako ni mabaki, kwake ndiyo vinavyokosekana. Mpe vyako 3, akupe almasi unazohitaji.

Sasa tuje dukani. Mimi ni fundi nguo. Nilikuwa na mfuko wa mabaki ya velvet, kila kipande nakionea huruma kwa sababu nilikinunua kwa bei. Siku nataka kushona pochi, nikakuta zipu, bitana na muda wangu vinazidi bei ambayo mteja angelipa. Na vingine nilishavikata, haviwezi tena kurudi kuwa kitambaa. Vilivyobaki vizima nikamuuzia fundi mwenzangu anayeshona mito. Hela ile nikanunulia uzi, kazi ikaendelea.

Kumbe jasho ulilolitoa kupata kitu halipangi bei yake ya leo. Bei inapangwa na kazi kitakayofanya, na mtu anayekihitaji.

KAZI YA LEO: Fungua sanduku lako la mabaki. Kila kitu kiandikie neno moja: KAMILISHA, BADILISHA au UZA. Halafu weka tarehe. Tarehe ikipita na hakijatoka, shusha bei kitoke.

Wewe una nini kimelala dukani? Tuandikie kwenye komenti, huenda mwenzako hapa ndiye anakitafuta.