SALA YA FARAGHA: DAFTARI LA ASKOFU ANDREWES



Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Segese alifiwa na mwanawe, aliyefukiwa na kifusi ndani ya duara. Majirani wa makanisa mengine walikuja kumfariji, na kila mmoja aliomba kwa sauti na kwa maneno mengi. Ilipofika zamu ya mama mwenyewe, alifungua kitabu cha Sala, akasoma zaburi moja na Baba Yetu, akanyamaza. Baadaye jirani mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, ya kwamba sala ya kusoma ni ya mdomo tu, na asiye na maneno yake mwenyewe bado hajamjua Mungu. Jioni ile mama akatuuliza, "Mwalimu, ina maana sikusali?"

Tulimjibu kwamba alisali. Lakini jibu lilikuwa fupi mno, nasi twaona si vema kuliacha hapo, maana wako wengi wanaoulizwa hivyo na kukaa kimya. Huku Usukumani jambo hili lina historia yake. Wamisionari wa CMS walianza kazi Nassa, kando ya Ziwa, katika miaka ya 1880, na mwaka 1909 kituo kile kikakabidhiwa kwa African Inland Mission. Basi Wakristo wengi wanaotuzunguka wamelelewa katika desturi ya kuomba bila kitabu. Ni ndugu zetu, na moto wao twauhitaji. Hata hivyo haitupasi kuona haya kwa urithi wetu.

Hoja yenyewe ni ya zamani kuliko Segese. Mwaka 1549 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alitoa kitabu cha kwanza cha Sala kwa Kiingereza, ili mkulima na bwana wake wasali kwa lugha wanayoifahamu. Kama vile Askofu Edward Steere alivyofanya Unguja baadaye, alipotafsiri sala hizo kwa Kiswahili. Lakini wakatokea Wakristo wenye bidii, walioitwa Wapuritani, wakasema sala iliyoandikwa humzima Roho. Walipopata nguvu katika Bunge, mwaka 1645 kitabu kikapigwa marufuku, hata nyumbani. Aliyekutwa akikitumia alitozwa faini ya pauni 5. Mara ya pili pauni 10. Mara ya tatu, kifungo cha mwaka mzima.

Je, watu waliacha? Bwana mmoja, John Evelyn, aliandika katika kumbukumbu zake ya siku ya Krismasi ya mwaka 1657. Walikuwa katika kikanisa kimoja London wakipokea Ushirika Mtakatifu, askari wakaizingira nyumba. Waumini wakaendelea kusogea mezani huku bunduki zimewaelekea. Hawakufyatuliwa risasi, ila walikamatwa na kuhojiwa. Mtu hajiweki mbele ya bunduki kwa ajili ya maneno ya mdomo tu. Marufuku ile ilikoma mwaka 1660, mfalme aliporudi.

Lakini aliyetusaidia zaidi kupata jibu la yule mama ni mtu aliyekufa kabla ya misukosuko hiyo. Ni Lancelot Andrewes, aliyezaliwa London mwaka 1555 na kufariki mwaka 1626 akiwa Askofu wa Winchester. Alikuwa mtaalamu wa lugha nyingi, mmoja wa viongozi wa waliotafsiri Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na mhubiri mashuhuri mbele ya mfalme. Kama kuna mtu aliyekuwa na maneno yake mwenyewe, ni huyu.

Tena tazameni alivyosali akiwa peke yake. Alijiandikia daftari la sala, kwa Kigiriki, Kilatini na Kiebrania, wala hakulichapisha. Lilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1648, miaka 22 baada ya kifo chake. Na Richard Drake, aliyelitafsiri, alishuhudia kwamba kurasa zake zilikuwa zimechakaa kwa kushikwashikwa na zimelowa machozi. Ndani yake maneno mengi si yake. Ameyaokota katika Zaburi, katika manabii, katika liturgia za kale za Kanisa la Mashariki, akayapanga upya mstari kwa mstari ili yamfae yeye. Machozi yalikuwa yake; maneno aliazima.

Mpango wake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la kipaimara aweza kuufuata. Kila siku ya juma ina sala zake, na kila siku huanza na kazi ya Mungu katika kuumba: Jumapili nuru, Jumatatu anga, Jumanne nchi kavu na mimea, mpaka Ijumaa, siku aliyoumbwa mwanadamu. Kisha huja kuungama, kukiri imani, kuombea wengine, na kushukuru. Katika kuungama hajifichi hata kidogo. Askofu huyu aliyeheshimiwa na wafalme ajiita mwenye dhambi kupita wote.

Sehemu ya kuombea wengine ndiyo iliyotushangaza. Ni orodha ndefu. Amewaweka shule aliyosoma, parokia na majimbo aliyoyahudumu, wakulima, wafanya biashara, mafundi, mpaka ombaomba. Wamo wasafiri wa nchi kavu na wa majini, wajawazito na wanaonyonyesha, wafungwa, na walio wapweke. Na wamo walio migodini! Maneno haya ameyapokea kutoka liturgia za kale, kwa kuwa zamani za wafalme wa Rumi Wakristo wengine walihukumiwa kwenda kuchimba madini kama adhabu. Andrewes hakumjua mchimbaji wa Segese, lakini kila alipolifungua daftari lake alfajiri mahali pa huyo palikuwapo tayari.

Tulimpelekea yule mama habari hizi. Alisikiliza, kisha akasema kwamba siku ile ya msiba hakuwa na maneno kabisa, na kama si zaburi angekaa kama jiwe. Akatuomba tumtafutie daftari.

Basi tumenunua madaftari machache ya kurasa 40, na yeyote atakaye aje achukue moja baada ya ibada. Gawa kurasa kwa siku saba. Kila siku nakili mistari michache ya zaburi au kolekti moja iliyokugusa. Chini yake andika majina: wa nyumbani, mgonjwa, uliyekosana naye, na wale walioshuka shimoni au wanaoshinda kwenye makarasha. Acha nafasi, maana majina yataongezeka, na mengine itabidi yahamishwe kwenye ukurasa wa marehemu. Asiyejua kusoma na akae na mjukuu wake, amsomee polepole hadi ashike kwa moyo. Ukijaliwa maneno yako mwenyewe, yaseme, hakuna anayekuzuia.

Mama yetu ameanza na Ijumaa, kwa sababu mwanawe alifariki Ijumaa. Katika ukurasa huo ameandika pia majina ya vijana wawili waliokuwa pamoja naye na wakatoka wazima.